Dirisha la Kerneli la Linux Mint: Tathmini ya Fundi wa Arusha

Tathmini hii inahusu sehemu moja tu ya Linux Mint, mfumo endeshi wa kompyuta, nayo ni dirisha la kusimamia kerneli lililomo ndani ya programu yake ya masasisho, Update Manager. Nimelitumia kwa muda mrefu kwenye kompyuta za wateja wangu hapa Arusha: steshenari za karibu na Stendi Ndogo, shule moja ya Njiro, ofisi ya utalii iliyoko Sakina, na laptopu za watu binafsi ambazo hufika mezani kwangu zikiwa zimekwisha kupita mikono mingi. Kwa ufupi, dirisha hili hufanya vizuri sana kazi ya kuongeza kerneli mpya pembeni ya ile ya zamani, hufanya kwa kiasi chake kazi ya kuondoa zilizozidi, na kazi ya kuamua ni kerneli ipi iwashe mashine haligusi kabisa.

Kwa yule ambaye hajawahi kulifungua, kerneli ndiyo sehemu ya mfumo endeshi inayozungumza na vifaa vyenyewe: diski, kadi ya waifai, skrini, sauti, printa. Linus Torvalds alitoa toleo la kwanza la Linux, kerneli tunayoizungumzia hapa, mwaka 1991, na siku hizi toleo kuu jipya hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi. Kwenye Mint, ambayo imejengwa juu ya mfumo mwingine wa Linux uitwao Ubuntu, kila kerneli husakinishwa kwa vifurushi vyake vyenyewe vyenye namba yake ndani ya majina yao, kwa hiyo ile mpya haiifuti iliyotangulia bali hukaa kando yake, na mashine moja inaweza kuwa na kerneli mbili, tatu, au hata kumi kama hakuna anayeziangalia. Ukiandika amri ya uname -r kwenye terminali utaambiwa ni ipi inayofanya kazi wakati huo; nyingine zote zimelala kwenye diski zikisubiri kuitwa.

Faida ya mpangilio huo ni kubwa zaidi katika mji kama huu kuliko mahali ambapo watu hununua kompyuta mpya dukani. Mashine zetu nyingi ni za mtumba. Kwenye meza moja utakuta Dell Latitude yenye kadi ya waifai ya Intel ambayo haina usumbufu wowote, na pembeni yake HP ya zamani yenye kadi ya Broadcom ambayo hutegemea draiva (programu ya kuendesha kifaa) inayojengwa upya kila kerneli inapobadilika. Kerneli inayoifaa ya kwanza inaweza kuinyima ya pili mtandao. Fundi anayehudumia mashine za namna hiyo hahitaji kerneli mpya kuliko zote. Anahitaji ile iliyokwisha kuthibitika kwenye mashine husika, pamoja na njia ya kuirudia pale mpya inapogoma.

Dirisha lenyewe hufunguliwa kutoka Update Manager, kwenye menyu ya View, kwa kubofya Linux Kernels. Kitu cha kwanza kinachotokea ni onyo, na onyo lenyewe halina mzaha: linasema kwamba kasoro za kerneli zinaweza kukukosesha mtandao, sauti, mwonekano wa skrini, au hata uwezo wa kuwasha kompyuta, na kwamba aguse mwenye uzoefu tu. Wengi wa wateja wangu hufunga dirisha hapo hapo, na sioni ubaya wowote. Ukikubali kuendelea, upande wa kushoto unaona mifululizo, kwa mfano 6.8 na iliyoifuata, na upande wa kulia matoleo yaliyomo ndani ya mfululizo uliouchagua. Ile inayofanya kazi ina alama ya Active, zilizomo kwenye diski zina alama ya Installed, na kila mfululizo unaonyeshwa muda wake wa huduma, au kwamba umekwisha kuachwa.

Alama hiyo ya muda wa huduma ndiyo inayonifanya nilipende dirisha hili. Kwenye terminali unaweza kuorodhesha kerneli zote kwa amri moja, lakini orodha haikuambii ni ipi itaendelea kupata viraka vya usalama na ipi imebaki yatima. Hapa unaona mara moja. Ukibofya toleo fulani unapata vitufe vya kukupeleka kwenye taarifa za hitilafu, orodha ya mabadiliko na kumbukumbu za udhaifu wa kiusalama, na chini yake kitufe cha kusakinisha au cha kuondoa. Kerneli inayofanya kazi huwezi kuiondoa ukiwa umeikalia, jambo ambalo ni busara ya kawaida, ingawa si kila chombo kinayo. Unaweza pia kupanga foleni ya kerneli kadhaa na kuzisakinisha kwa mkupuo mmoja, uwezo ambao mimi binafsi sijauona maana yake.

Jambo jingine ambalo halionekani kwa macho lakini lina thamani kubwa ni kwamba dirisha husakinisha kerneli pamoja na vifurushi vyake vyote: picha yenyewe (yaani faili ya kerneli), moduli (vipande vyake vya kuendesha vifaa), moduli za ziada, na faili za vichwa ambazo draiva za nje huzihitaji ili zijengwe. Nimepokea laptopu kadhaa ambazo mwenyewe alisakinisha kerneli kwa mkono kwenye terminali, akachukua picha na moduli tu, akaacha vichwa. Mashine inawaka vizuri, skrini ni safi, sauti ipo, ila waifai imetoweka, naye anakuja akiamini kwamba kadi imeungua. Kumbe mfumo wa DKMS, ambao kazi yake ni kujenga upya draiva za nje kwa kila kerneli mpya, haukukuta malighafi ya kujengea.

Sasa niingie kwenye upungufu, na hapa nitakaa kidogo.

Ofisi ya utalii niliyoitaja ina laptopu zenye diski zilizosimbwa, yaani zisizosomeka bila nenosiri, kwa sababu hubeba nakala za pasi za kusafiria za wageni. Unaposakinisha Mint kwa usimbaji, kisakinishi hutenga kipande kidogo cha diski kisichosimbwa, /boot, ambamo hukaa kerneli na faili ya initrd inayobeba moduli za mwanzo na kukuuliza nenosiri la diski. Kwenye mashine zao kipande hicho hakifiki gigabaiti moja, na kila kerneli hutwaa humo kiasi cha megabaiti 100. Hesabu yake haihitaji kalamu: baada ya miezi kadhaa ya masasisho bila mtu wa kufagia, /boot hujaa. Dirisha la kerneli halionyeshi popote nafasi iliyobaki humo. Linakuruhusu kubofya Install, linapakua vifurushi vyote kwa bando lako, linavifungua, na ndipo, katikati ya kutengeneza initrd mpya, mfumo unalalamika kwamba hakuna nafasi. Kerneli inabaki nusu: picha yake ipo, initrd yake haipo. Baadaye menyu ya GRUB, programu inayochagua kerneli ya kuwasha mashine, inaposasishwa kwa sababu nyingine yoyote, kerneli hiyo iliyo nusu inaingizwa kwenye orodha, tena inakaa juu kabisa kwa kuwa namba yake ndiyo kubwa.

Mhasibu wa ofisi hiyo alinipigia simu asubuhi moja.

“Fundi, pole na kazi. Hii mashine imejaa maandishi meupe, haiendi mbele wala nyuma. Haijaniuliza hata ile nywila ya kwanza.”

“Asante, dada. Mstari wa mwisho mwisho huko chini unasomekaje?”

Akausoma herufi kwa herufi: Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0).

Sentensi yake ile kuhusu nywila ndiyo iliyoniambia kila kitu kabla hata hajausoma mstari huo. Kinachouliza nenosiri la diski ni initrd. Ikiwa swali halikuulizwa, initrd haipo au imeharibika, na kerneli imeamka ndani ya nyumba yenye milango iliyofungwa. Nilimwelekeza azime kwa kushikilia kitufe, awashe tena, na alama ya mtengenezaji inapopotea abonyeze Esc mara moja tu. Nasisitiza mara moja, kwa kuwa kwenye mashine za UEFI (programu ya ndani inayoiamsha mashine, iliyochukua nafasi ya BIOS) ukiibonyeza mfululizo kwa pupa utavuka menyu na kuangukia kwenye mstari mtupu wa amri wa GRUB, na hapo inabidi uzime uanze upya. Kwenye mashine za zamani za BIOS kazi hiyo hufanywa na Shift. Alipofika kwenye menyu akachagua mstari wa Advanced options, akashuka hadi kerneli ya pili kutoka juu, na nywila ikaulizwa. Aliendelea na ankara zake. Mimi nilifika baada ya chakula cha mchana.

Tukio hilo linaonyesha uzuri na udhaifu wa chombo hiki kwa pamoja. Kwa kuwa kerneli ya zamani ilikuwapo, ofisi haikusimama. Lakini nilipofungua dirisha ili niondoe kerneli kongwe na kupata nafasi, liligoma, kwa sababu mfumo wa vifurushi ulikuwa unataka kwanza kumaliza ile kazi iliyokwama, nayo haiwezi kumalizika bila nafasi. Ilibidi nishuke terminali, niondoe vifurushi vya kerneli kongwe kwa dpkg --purge nikianza na moduli za ziada kisha picha, halafu niendeshe sudo dpkg --configure -a ambayo ilitengeneza initrd iliyokosekana na kuisasisha menyu. Si kazi ngumu kwa mwenye kuijua. Ila chombo kilichotengenezwa ili mtu asilazimike kuingia terminali kinapaswa angalau kumwonyesha nafasi iliyobaki kabla ya kumruhusu kubofya. Amri ya df -h /boot hutoa jibu hilo kwa kufumba na kufumbua, kwa hiyo sioni kwa nini mstari mmoja wa namna hiyo usiwekwe chini ya dirisha.

Dawa ya kudumu ipo, nayo iko ndani ya programu hiyo hiyo ila mahali pengine. Kwenye mapendeleo ya Update Manager, sehemu ya Automation, kuna chaguo la kuondoa kerneli zilizopitwa na wakati pamoja na vifurushi vinavyozitegemea. Ukiliwasha, mfumo hufagia wenyewe, huacha daima angalau kerneli moja ya zamani kama akiba, na haugusi kamwe kerneli uliyoisakinisha kwa hiari yako. Maneno haya ya mwisho yana pande mbili. Kwa upande mmoja yanakulinda: kerneli uliyoichagua kwa makusudi kwa sababu ndiyo pekee inayoendana na kadi yako haitapotea usiku. Kwa upande mwingine, mtu aliyezoea kubofya Install kila anapoona namba mpya atabaki nazo zote, na ufagio wa moja kwa moja utazipita kana kwamba hauzioni. Kwa watu wa aina hiyo kuna kitufe cha Remove Kernels ndani ya dirisha, kinachokuruhusu kuweka alama kwenye kadhaa na kuziondoa pamoja. Kwenye mashine zilizosimbwa mimi huwasha ufagio huo siku ile ile ya usakinishaji, kabla sijaweka hata printa.

Upungufu wa pili ni wa kuchagua. Tuseme umesakinisha kerneli mpya, ukaona projekta ya darasani haitoi picha, na ukataka mashine iendelee kuwaka na ile ya zamani hadi kasoro irekebishwe. Dirisha halina kitufe cha kusema “hii ndiyo iwe ya kwanza.” GRUB huchukua namba kubwa kuliko zote, basi. Kwenye kompyuta yenye Mint peke yake menyu yenyewe imefichwa, kwa hiyo mwalimu wa shule hawezi kujua kwamba kuna chaguo. Unaweza kuiondoa kabisa ile mpya, lakini hapo utapoteza nafasi ya kuijaribu tena, na sasisho lijalo la mfululizo ule ule litakuletea ndugu yake. Kulizuia itabidi ubofye sasisho kwa kitufe cha kulia na kuchagua lipuuzwe.

Njia ninayoitumia ni kuhariri faili ya /etc/default/grub, kuweka GRUB_DEFAULT=saved na GRUB_SAVEDEFAULT=true, kuifanya menyu ionekane kwa sekunde chache, kisha kuendesha sudo update-grub. Baada ya hapo kerneli utakayoichagua mara moja kwenye menyu hukumbukwa na kurudiwa kila mashine inapowashwa. Wapo wanaoandika namba ya nafasi, kama "1>2", nami nawashauri waache, kwa maana kerneli mpya ikiingia orodha husogea na namba ile ile inaanza kuelekeza kwenye kitu kingine. Yote haya ni mambo ambayo mfumo wenye sifa ya kuwarahisishia watu wa kawaida ungeweza kuyafanya kwa kitufe kimoja. Fedora, mfumo mwingine wa Linux, haina dirisha kama hili, lakini amri yake ya grubby --set-default humaliza suala hilo kwa mstari mmoja, bila kuhariri faili yoyote.

Kwa kuwa nimeitaja Fedora, niseme kwamba katika kufagia inawazidi wengi. Programu yake ya vifurushi, dnf, ina mpangilio wa installonly_limit ambao kwa chaguo-msingi ni 3, na kuanzia siku ya kwanza mfumo huweka kerneli tatu tu: ya nne ikiingia, kongwe kuliko zote hutoka, na ile inayofanya kazi haiguswi. Hakuna onyo, hakuna dirisha, hakuna /boot iliyofurika. Laiti Mint ingeazima tabia hiyo na kuiwasha kwa chaguo-msingi, simu nyingi za asubuhi zisingepigwa. Manjaro, mfumo mwingine tena wa Linux, nayo ina dirisha la kerneli ambalo kwa sura linavutia kuliko hili, lenye alama za huduma ya muda mrefu na za kupendekezwa, na linakuruhusu kuwa na mifululizo kadhaa kwa wakati mmoja. Tatizo lake ni kwamba ndani ya mfululizo mmoja sasisho huichukua nafasi ya kerneli iliyopo badala ya kukaa pembeni yake, hivyo moduli za kerneli inayofanya kazi hufutwa ikiwa bado inatumika, na hadi mashine iwashwe upya inaweza kushindwa kusoma kifaa ambacho moduli yake haikuwa imepakiwa. Kwenye steshenari, ambako mteja wa kila dakika tano anakuja na flashi yake, hilo ni jambo la kufunga duka. Ipo pia programu iitwayo Mainline, ya kuongeza kwenye Mint kerneli ambazo Ubuntu huzijenga moja kwa moja kutoka kwenye chanzo cha Torvalds. Hizo hazina saini ya Secure Boot (ulinzi unaoizuia mashine kuwaka na programu isiyotiwa saini) wala huduma ya usalama ya Ubuntu, na sijawahi kumwekea mteja.

Nirudi kwenye draiva, maana hapo ndipo uamuzi wa kerneli unapofanywa hasa, na dirisha linakaa kimya. Kerneli mpya inaposakinishwa, DKMS huanza kujenga draiva za nje: ya Broadcom, ya NVIDIA, ya VirtualBox ikiwa ipo. Ujenzi ukishindwa, taarifa hupita ndani ya kisanduku cha maelezo ambacho wengi hawakifungui, na mtumiaji hugundua baada ya kuwasha upya. Amri ya dkms status huonyesha ni draiva ipi imejengwa kwa kerneli ipi, nami huiendesha kila mara kabla ya kuwasha mashine upya. Kadi za zamani za skrini za NVIDIA ndizo sumbufu zaidi. Mfululizo wa draiva 390, ambao mtengenezaji aliuacha mwishoni mwa mwaka 2022, haukutengenezwa kwa ajili ya kerneli zilizokuja baada yake, na kadiri namba inavyopanda ndivyo uwezekano wa kujengeka unavyopungua. Mwenye kadi kama hiyo nikimkuta na Mint 21 kwenye kerneli 5.15, humwacha hapo hapo. Toleo hilo linahudumiwa hadi mwaka 2027, na mashine ya kuchapia barua haihitaji zaidi.

Kwenye laptopu ambazo Secure Boot imewashwa kuna hatua moja zaidi. Kerneli za Ubuntu zimetiwa saini na huwaka bila swali, lakini draiva iliyojengwa na DKMS hutiwa saini kwa ufunguo wa mashine yenyewe, na ufunguo huo sharti uandikishwe kwenye skrini ya bluu inayojitokeza mara moja tu baada ya kuwasha upya. Mtumiaji anayebonyeza Continue kwa haraka huivuka, na waifai inabaki imekufa ingawa ujenzi ulifanikiwa. Dirisha la kerneli lingeweza kumwandaa mtu kwa sentensi moja. Lile onyo la mwanzoni linatisha kwa mambo mengi, ila hili ambalo huwakuta watu kweli limeachwa.

Kuhusu umeme, ambao ni swali la kwanza ninaloulizwa: ukikatika katikati ya usakinishaji wa kerneli, kwa kawaida hakuna kikubwa kinachoharibika. Menyu ya GRUB huandikwa upya mwishoni kabisa, kwa hiyo mashine itawaka na kerneli iliyokuwapo, na sudo dpkg --configure -a itamalizia kilichobaki. Kompyuta za mezani zisizo na UPS nazisasisha asubuhi na mapema. Kabla ya hapo huchukua picha ya mfumo kwa Timeshift, ambayo huja na Mint na tangu mwaka 2022 inatunzwa na timu ya Mint wenyewe. Ikiwa sasisho limevuruga zaidi ya kerneli, unarudisha mfumo mzima ulivyokuwa bila kugusa nyaraka za mtu.

Gharama ya chombo ni bure, lakini bando si bure. Kerneli moja ya mfululizo wa 6.8 pamoja na moduli na vichwa vyake hupakuliwa kwa kiasi cha megabaiti 150 hadi 200, na kwenye steshenari yenye mashine sita huo ni kama gigabaiti nzima kwa kitu ambacho ni kile kile. Dirisha halina njia ya kukopesha vifurushi kutoka mashine moja hadi nyingine. Mimi hupakua mara moja kwa apt download nikitaja vifurushi vyote vya kerneli husika, naviweka kwenye flashi, na kwenye mashine nyingine nasakinisha kwa sudo apt install nikielekeza kwenye faili hizo. Penye mashine nyingi zaidi, kama shuleni, nimeweka apt-cacher-ng kwenye kompyuta moja ya zamani. Nyingine zote huomba vifurushi kwake kupitia mlango wa 3142, na kila kifurushi huvuka mtandao wa nje mara moja tu. Jambo la kufurahisha ni kwamba ukiwa na mpangilio huo wa pili dirisha la kerneli linaendelea kufanya kazi kama kawaida, kwa kuwa halijui wala halijali vifurushi vinatoka wapi.

Limebaki suala la mfululizo upi wa kuchagua, ambalo wateja wenye Mint 22 hukutana nalo siku hizi. Mint 22 ilitoka Julai 2024 ikiwa na kerneli 6.8, ambayo Ubuntu huihudumia hadi mwaka 2029. Baadaye Mint ilianza kufuata kerneli mpya zaidi kwa ajili ya vifaa vipya, na 22.2 ya mwaka 2025 ilikuja na 6.14. Kerneli za njia hiyo ya pili kila moja hukaa kwa muda mfupi kisha huipisha inayofuata, na dirisha huonyesha tofauti hiyo waziwazi kwenye mstari wa muda wa huduma. Kwa laptopu ya mtumba iliyotengenezwa kabla ya mwaka 2022 naisakinishia 6.8 kutoka dirishani, naifanya iwe ya kwanza kwenye GRUB kwa njia niliyoieleza, kisha naiacha 6.14 pembeni kama akiba. Kwa mashine mpya ambayo waifai au mwanga wa skrini vimekataa na 6.8, nafanya kinyume chake. Katika hali zote mbili nabandika nyuma ya laptopu kijikaratasi chenye namba ya kerneli iliyothibitika na kitufe cha kufungulia menyu, Esc au Shift, ili fundi mwingine wa Kaloleni au Moshi atakayeifungua baada yangu asianze kubahatisha.